Marumaru, granaiti na kabati la sinki: bafu la mita 2.4 kwa 1.8, maji ya kisima yenye chumvi

MwanaMbezi

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri kabla sijaingia dukani na kulipia vitu visivyorudishwa.

Bafu ni la ndani, nyumba ya chini, Mbezi, Dar. Kipimo cha ndani ni mita 2.4 kwa 1.8, dari la jipsamu liko mita 2.7. Mlango ni sentimita 80 kwa 210. Dirisha dogo 60 kwa 60, ukingo wake wa juu uko mita 2.4. Shawa iko kwenye ukuta mfupi, haijazungushiwa kioo, na ndoo bado inatumika. Maji ni ya kisima, yana chumvi, koki zote zimeota ukoko mweupe. Marumaru za zamani ni 20 kwa 30 ukutani mpaka mita 1.5, na 20 kwa 20 sakafuni. Baadhi ukizigonga zinalia tupu.

Ninachotaka: marumaru 60 kwa 120 za kung'aa, nyeupe zenye mishipa ya kijivu, sakafu na kuta zote. Juu ya kabati la sinki jiwe halisi la marumaru. Kabati la MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) jeupe linalong'aa, limesimama sakafuni. Fundi anasema tubandike juu ya zile za zamani tuokoe muda na kifusi.

Je, mpango unakaa? Na ninunue boksi ngapi?

Timazi

Mkuu, kwanza tuelewane majina, maana hapo ndipo watu wanapopigwa. Dukani "marumaru" ni kigae cha udongo kilichochomwa kiwandani. Kwenye karakana ya mawe "marumaru" ni jiwe. Ukiagiza kwa simu na kusema "marumaru nyeupe" tu, unaweza kuletewa chochote. Mimi nitasema kigae na jiwe.

Pili, picha nyingi zinazotutamanisha ni za mabafu makavu: shawa ndani ya kioo, sakafu ya nje haiguswi na tone. Bafu lako ni la maji kote. Ndoo, kopo, na anayefanya usafi anamwaga maji mpaka mlangoni. Kila kitu ukipime kwa hilo.

Kigae cha kung'aa sakafuni: hapana. Kikiwa na povu la sabuni ni barafu. Angalia kwenye boksi alama ya R, inayoonyesha kigae kinavyozuia utelezi: R9 ni ya sebuleni, kwa bafu kama lako tafuta R10 au R11. Boksi likiwa halina alama, omba kigae kimoja, kimwagie maji yenye sabuni, kiweke chini na ukikanyage peku hapo hapo dukani. Muuzaji akicheka mwache acheke.

60 kwa 120 sakafuni: tatizo lake ni mteremko. Sakafu ya bafu inatakiwa kushuka sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Tundu likiwa katikati au kwenye kona, sakafu inashuka kutoka pande kadhaa kama sahani, na kigae hakipindi. Fundi atakuwa na njia mbili. Akikilaza bapa, maji yatasimama. Akikikata kwa mshazari ili kifuate mikunjo, umelipia kigae kikubwa upate vipande. Ukiutaka ukubwa huo kwa lazima, weka mfereji mrefu wa kutolea maji kando ya ukuta wa shawa, sakafu ishuke upande mmoja tu. Vinginevyo chukua 30 kwa 30. Mianya mingi ya 30 kwa 30 nayo inasaidia unyayo kushika.

Ukutani 60 kwa 120 inawezekana kama ukuta umenyooka. Weka rula ya aluminiamu ya mita 2. Ukiona mwanga chini yake zaidi ya milimita 3, lipu irekebishwe kwanza. Ila vipimo vyako vinaipenda sana 30 kwa 60: mita 2.4 ni vigae vinne kamili, mita 1.8 ni vitatu, na kwenda juu mpaka 2.4 ni mistari minane. Kona hazitakuwa na vipande vyembamba vya aibu.

Kubandika juu ya vya zamani: hapana, na hapa usimsikilize fundi. Kinachotoa sauti ya tupu hakijashika, na kipya kitashika kisichoshika. Sakafu itapanda milimita 12 hadi 15, mlango utakwama na tundu la maji litabaki shimoni. Halafu, na hili ndilo kubwa, hutapata nafasi ya kupaka dawa ya kuzuia maji. Wengi wanadhani kigae ndicho kinachozuia maji. Mwanya wa grauti (ule unga wa simenti unaojazwa kati ya vigae) unanyonya, kinachozuia ni ile ngozi iliyo chini yake.

Kwa hiyo bomoa mpaka kwenye tofali na zege. Badilisha mabomba ya ndani ya ukuta sasa hivi, yajaze maji yakae na presha saa 24 kabla ya kufukia. Piga lipu, mwaga simenti ya sakafu yenye mteremko, acha ikauke. Kisha dawa ya kuzuia maji, ile ya simenti ya aina ya unga na maji yake: mikono miwili (yaani matabaka mawili), wa pili ukivuka wa kwanza kwa msalaba, unene wa jumla milimita 2. Kwenye kona zote na kuzunguka tundu la maji zamisha utepe wa wavu ndani ya mkono wa kwanza ukiwa mbichi. Eneo la shawa panda mita 2, kuta nyingine sentimita 20 zinatosha. Ikikauka, ziba tundu, jaza maji sentimita 3 hadi 5, weka alama ya penseli, rudi kesho yake. Maji yakishuka tafuta penye tundu kabla hujabandika hata kigae kimoja.

Hesabu yako, nikichukulia vigae vinaishia mita 2.4:

Kuta: mzingo mita 8.4 mara 2.4 ni mita za mraba 20.16. Toa mlango 1.68 na dirisha 0.36, zinabaki 18.12. Ongeza asilimia 10 ya vipande, karibu 20. Boksi la 30 kwa 60 lenye vigae 8 ni mita za mraba 1.44, kwa hiyo boksi 14.

Sakafu: 4.32, na asilimia 10 inakuwa 4.75. Boksi la 30 kwa 30 lenye vigae 11 ni 0.99, kwa hiyo boksi 5.

Ongeza boksi moja moja la akiba kila aina, jumla 15 na 6. Siku bomba likipasuka ukutani utanishukuru. Hakikisha namba ya rangi iliyochapwa kwenye maboksi yote inafanana. Jina la kigae linaweza kuwa lile lile lakini mchomo tofauti, na tofauti ya weupe inaonekana jioni taa ikiwaka, vikiwa vimeshakauka ukutani. Vya viwanda vyetu vya Mkuranga na Chalinze pia vina namba hiyo, soma.

Gundi: mfuko wa kilo 20 unakwenda kama mita za mraba 4, hivyo mifuko 6. Grauti kilo 5. Dawa ya kuzuia maji, eneo ni karibu mita za mraba 12 na kila mita inakula kama kilo 3, andaa kilo 36 hadi 40.

MwanaMbezi

Ahsante sana mkuu, nimekuelewa. 60 kwa 120 nimeisamehe. Bado jiwe na kabati. Na nimeambiwa granaiti nyeusi ndiyo ngumu kuliko zote, niweke hiyo?

Tarumbeta

Kwenye jiwe nitakujibu mimi.

Jiwe la marumaru asili yake ni chokaa iliyopikwa na ardhi. Chochote chenye asidi kinalila: limau, siki, na zaidi ya vyote ile dawa ya chooni ya kijani au bluu. Ukimwaga tone halitoki doa la rangi, linatoka duara lililofifia, kama mtu aliyepumulia kioo na pumzi ikagoma kuondoka. Huwezi kulifuta kwa sababu si uchafu, ni uso wa jiwe ulioliwa. Linaondoka kwa kung'arishwa upya tu. Na kwa maji yako ya chumvi, ukoko mweupe utataka kuusafisha kwa kitu chenye asidi. Yaani dawa ya ukoko ndiyo sumu ya jiwe. Marumaru ya Morogoro ni nzuri, sipingi, ila ipeleke sebuleni.

Granaiti haiogopi limau wala siki, na ni ngumu zaidi ya marumaru kwa mbali. Lakini nyeusi inayong'aa kwa maji ya kisima ni kujitafutia kazi. Kila tone likikauka linaacha duara jeupe, na juu ya nyeusi linaonekana kutoka mlangoni. Chagua ya kijivu au ya kahawia yenye madoadoa. Ukoko utakuwepo ila hutauona.

Usinunue kwa jina. Kuna mawe yanauzwa kama granaiti na si granaiti. Omba kipande kilichokatwa, dondosha limau upande mmoja na maji upande mwingine, subiri dakika 15. Palipodondoshwa limau pakififia, hilo lina chokaa. Palipodondoshwa maji pakiweka weusi, jiwe linanyonya, litahitaji sila ya kuzama (dawa inayopenya ndani ya jiwe kulizuia lisinyonye) kabla ya kutumika na kurudiwa kila litakapoanza kunyonya tena.

Kwa sinki, unene wa milimita 20 unatosha. Mwambie mkataji mambo mawili ambayo hatayafanya usipomwambia. Moja, tundu la sinki lisiache chini ya sentimita 6 za jiwe mbele na nyuma, hapo ndipo linapokatika wakati wa kubebwa. Pili, chini ya ukingo wa mbele, sentimita 2 kuingia ndani, apitishe grenda achonge mfereji wa kina cha milimita 4 au 5 kwa urefu wote. Maji yanayochuruzika ukingoni hupenda kulifuata jiwe kwa chini mpaka kwenye mlango wa kabati. Yakifika kwenye mfereji yanashindwa kuvuka, yanadondoka sakafuni. Kazi ya dakika tano, na kabati linaishi.

Lingine: jiwe jeupe lisibandikwe kwa gundi ya kijivu, tumia nyeupe. Kijivu kinapenya na kuonekana kama kivuli.

Seremala wa Pwani

MDF kwenye bafu la ndoo? Mkuu, kata tamaa mapema. Ile ya kijani inayoitwa ya kuzuia unyevu inavumilia mvuke tu, haivumilii kusimama kwenye maji. Maji hayaingii usoni kwenye rangi, yanaingia kwenye ukingo uliokatwa na kwenye matundu ya skrubu za bawaba. Ubao wa milimita 18 unavimba, rangi inapasuka kama ganda la yai, na ukikauka haurudi ulivyokuwa.

Una njia tatu. Ubao wa plastiki ya povu wa milimita 18, huu hauvimbi kabisa. Udhaifu wake ni kushika skrubu: ukifungua na kufunga mara mbili tundu linalegea. Bawaba zifungwe mara moja kwa usahihi, na rafu isizidi sentimita 60 bila nguzo katikati maana inalala. Njia ya pili ni plaiwudi ya majini, ile ambayo gundi yake haifumuki ikilowa, kingo zote zikipakwa kabla ya kuunganishwa. Ya tatu ni mbao ngumu. Mninga umetulia sana, haucheziki na majira. Mtiki wa Muheza nao ni mzuri, ila una mafuta. Usipoufuta kwa tina dakika chache kabla ya gundi au vanishi, vitabanduka.

Miguu sakafuni usiweke. Ning'iniza kabati, liache sentimita 25 chini ili mfagio na maji vipite. Lakini usiliachie kabati libebe jiwe. Granaiti ya sentimita 90 kwa 50 kwa unene wa 2 ni kilo 25 hivi, hujahesabu sinki wala mtu anayeegemea akipiga mswaki. Jiwe likae kwenye vyuma vya pembe vilivyozamishwa ukutani, kabla ya vigae, na kabati lifungwe chini yake kama droo tu. Vyuma viwe vimechovywa zinki au vimepakwa rangi ya kuzuia kutu mara mbili.

Rangi: kung'aa kunaonyesha kila tone la chumvi na kila kidole. Chukua nusu-kung'aa. Rangi ya kupuliza ya maji mawili, ile inayochanganywa na kigumishi, ndiyo inayostahimili. Ipakwe pande zote sita za kila kipande, hata mgongo usioonekana. Mlango uliopakwa upande mmoja unapinda. Bawaba na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, daraja la 304. Beba sumaku mfukoni: ikinasa kwa nguvu, hiyo si 304.

Mja wa Nyali

Salamu kutoka Mombasa. Naunga mkono mengi ila nipinge kidogo. R11 inashika mguu, sawa, lakini uso wake umejaa vinundu na sabuni inakaa humo. Baada ya miezi michache utasugua kwa brashi kila juma. R10 yenye uso laini usiong'aa, pamoja na mteremko mzuri, yatosha kwa nyumba isiyo na wazee.

Na kwa wanaosoma huu uzi wakiwa na nyumba za mawe ya matumbawe, Mji wa Kale hapa au Unguja: hesabu zenu si hizi. Ukuta wa matumbawe na chokaa wavuta chumvi kutoka chini miaka yote. Ukiufunga kwa vigae na simenti mpaka dari, chumvi hukusanyika nyuma na kusukuma vigae vitoke na lipu yake. Vigae viwe eneo la shawa tu, sehemu nyingine chokaa ipumue. Tena kuna wanaopenda jiwe la Mazeras bafuni kwa uzuri wake. Lanyonya maji na latoka maganda, liacheni uani.

Timazi

Ndugu yangu wa Nyali, kwenye R10 nakubali, mradi kijaribiwe kwa sabuni kama nilivyosema. Nyumba yenye mzee au mjamzito nabaki na R11, brashi isuguliwe.

MwanaMbezi

Mama yangu huja kukaa miezi kadhaa kila mwaka, kwa hiyo R11. La mwisho wakuu: rangi ya grauti, na fundi nimsimamie wapi? Sijui nitazame nini akiwa kazini.

Timazi

Grauti ya sakafu iwe kijivu cha kati. Nyeupe sakafuni inageuka rangi ya chai yenyewe, usihangaike. Ukutani kijivu hafifu kinachokaribiana na mishipa ya kigae. Mwanya milimita 2 ukutani, 3 sakafuni, kwa misalaba ya plastiki, si kwa jicho.

Grauti na gundi vikorogwe kwa maji yasiyo na chumvi, ya bomba la DAWASA au ya mvua, usikubali ya kisima. Chumvi ikiingia kwenye grauti hutoka baadaye kama unga mweupe juu ya mianya, utafuta na utarudi. Ndoo nne za maji mazuri hazimshindi mtu.

Kumsimamia: mwangalie anavyoweka gundi. Akiweka mafungu matano nyuma ya kigae kama mandazi, msimamishe. Ndiyo maana vile vya zamani vinalia tupu. Maji hukusanyika kati ya mafungu na kona za kigae hazina wa kuzishika. Mwiko wa meno, gundi itandazwe ukutani, meno yaelekee upande mmoja, na vigae vya sakafu vipakwe pia mgongoni kwa utandu mwembamba. Kila baada ya vigae kumi mwambie akibandue kimoja kibichi. Mgongo wote uwe umeshika. Ukiona madoa makavu, gundi yake imeanza kukauka kabla hajabandika, na jua la Dar linafanya hivyo ndani ya dakika chache dirisha likiwa wazi. Atandaze eneo dogo zaidi.

Ukutani asianzie chini kabisa, kwa sababu sakafu ina mteremko na mstari wa kwanza utakwenda upande. Aweke ubao ulionyooka kwa pimamaji kwenye usawa wa mstari wa pili, apande juu, kisha amalizie sakafu, na mstari wa chini akate kufuata mteremko. Hivyo vigae vya ukuta vinakaa juu ya vile vya sakafu na maji hayapati mlango.

Kona za ndani, na pale ukuta unapokutana na sakafu, zisijazwe grauti. Kuta mbili hucheza kila moja kivyake na grauti itapasuka ufa mwembamba. Silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, rangi ile ile ya grauti. Kona za nje karibu na dirisha weka kona za plastiki. Za aluminiamu zitaoza vidoti kwa chumvi yako.

Akimaliza grauti, asifute kwa asidi. Mafundi wengi humwaga asidi kutoa utando wa grauti ili kazi ing'ae siku ya malipo. Inakula grauti yenyewe na kubabua koki mpya. Sponji yenye unyevu, kama nusu saa baada ya kujaza, halafu kitambaa kikavu kesho yake.

Kuhusu weupe wa kigae, nenda na taa yako dukani, usiamini za dukani. Kigae kile kile chini ya taa nyeupe kali kinaelekea bluu, chini ya taa ya manjano kinaelekea maziwa. Chukua vigae viwili tofauti, viloweshe, viegemeze ukutani bafuni kwako usiku mmoja, dirisha likiwa wazi asubuhi yake. Ndipo ulipie zile boksi 15.

MwanaMbezi

Nimeandika yote. Kifusi kinaanza Jumatatu, fundi nimeshamwambia kuhusu mandazi, amenuna lakini amekubali.